Filamu yangu ina giza na kiumbe wa kutisha, mbona haishiki watu?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nimepiga filamu fupi ya dakika 12. Mhandisi mmoja yuko peke yake kwenye kituo cha angani, kisha anagundua kuna kitu kimeingia. Seti nimejenga mwenyewe: korido moja, chumba cha mitambo na mlango mzito wa chuma. Nimefanya kila mahali pawe giza, taa nyekundu za dharura zinawaka na kuzima mwanzo hadi mwisho, na kiumbe tunamwona dakika ya pili ili watu wajue hatari ipo. Wenzangu niliowaonyesha wamesema picha ni nzuri ila hawakuogopa, na mmoja alishika simu katikati. Nifanyeje? Nitafute kiumbe bora wa kompyuta, niongeze giza, au niweke muziki mzito? Pesa iliyobaki ni kidogo."

Hongera kwa kufika hapo. Kujenga seti kwa mikono yako na kumaliza kupiga si kazi ndogo, na kama wenzako wanaisifu picha, basi ufundi unao. Kinachokusumbua ni kwamba umeweka kila kitu ambacho filamu za aina hii huwa nacho, na bado mtu akashika simu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu dawa zote tatu unazoziulizia zinapakwa mahali pasipouma.

Kwa kifupi: kiumbe mwache alivyo, giza lipunguze, muziki usubiri. Ili mtu aogope kitakachotokea, lazima kwanza ajue nini hutokea siku za kawaida. Seti, taa, rangi na lenzi ndivyo vinavyomfundisha hilo, na filamu yako imeruka somo ikaanza na mtihani.

Chukua zile taa nyekundu. Zinawaka na kuzima tangu shoti (kipande cha picha) ya kwanza. Mtazamaji hajawahi kukiona kituo chako kikiwa salama, kwa hiyo hana anachohofia kukipoteza. Taa ya dharura hutisha pale inapochukua nafasi ya taa ya kila siku. Isitoshe macho, pamoja na ubongo unaoyaendesha, hukimbilia mabadiliko. Kitu kikirudiarudia bila kubadilika huacha kuwa habari. Kufikia dakika ya tatu nyekundu yako imeshakuwa rangi ya ukuta.

Tazama filamu ya Alien ya Ridley Scott ya mwaka 1979 inavyoanza. Kamera inatembea taratibu ndani ya chombo cha angani ambacho wafanyakazi wake wote wamelala. Tunapita korido, tunaona vile vindege vya kuchezea vinavyoinama na kuinuka mezani, tunaona kofia za wanaanga zikiakisi mwanga wa skrini. Hakuna linalotokea. Wapo wanaolalamika kwamba mwanzo huo unajivuta. Mimi nauona kama ziara ya nyumba: baadaye mtu anapokimbia humo, sisi tumeshapita, tunajua dari iko chini na kona ni nyingi. Hiyo dari nayo ilijengwa makusudi. Seti nyingi huachwa wazi juu ili taa zining'inizwe, ila hapa waliifunika, na kamera ikiinama kidogo tu mtazamaji anahisi amebanwa.

Mfano mwingine, na huu haukuhitaji korido wala dari, uko katika Close Encounters of the Third Kind ya Steven Spielberg, ya mwaka 1977. Fundi wa umeme amesimamisha gari lake usiku anasoma ramani. Taa za gari zinatokea nyuma yake. Anapunga mkono lipite, nalo linapita, dereva akimfokea. Baadaye kidogo taa nyingine zinatokea nyuma. Anapunga mkono vilevile bila kugeuka, na taa zile, badala ya kupita kando, zinapanda juu. Kamera iko palepale, ishara ni ileile, kilichobadilika ni kimoja. Kazi yote imefanywa na lile gari la kwanza ambalo hakuna anayelikumbuka. Liondoe, na hizo taa zinazopanda zitabaki kioja tu.

Sasa tuje kwenye giza, maana hapa ndipo waongozaji wengi wachanga hupotelea. Katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), sehemu ile tunayoitumia kusoma, hakuna zile seli zinazoona kwenye mwanga hafifu. Seli hizo zimejaa pembeni. Ndiyo sababu nyota iliyofifia huonekana ukiitazama kwa upande na hutoweka ukiikazia macho. Pembeni mwa jicho hushtuka upesi kitu kikitikisika, lakini hakuwezi kusema kilichotikisika ni nini. Faida ya giza kwenye filamu iko hapo: kumpa mtazamaji dokezo asiloweza kulithibitisha. Lakini dokezo lazima liwepo. Fremu, yaani picha nzima ya skrini, ikiwa nyeusi tupu macho hayana pa kupekua, na macho yasiyo na pa kupekua hupumzika. Ukitaka giza lifanye kazi, acha ndani yake vitu viwili vitatu vinavyosomeka nusu: ukingo wa bomba, mng'ao wa maji sakafuni, umbo la koti lililotundikwa ambalo linaweza kuwa koti au lisiwe.

Zaidi ya hapo, watu wengi wataitazama kazi yako kwenye simu, ndani ya chumba chenye mwanga. Kioo cha simu kitawarudishia sura zao wenyewe juu ya giza lako. Na video ikibanwa ili ipande mtandaoni, sehemu za giza ndizo huharibika kwanza. Kivuli kilichokuwa kinafifia kwa upole hugeuka mistari na mabaka.

Na wala si lazima pawe na giza. Katika 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968, wanasayansi watatu wanauawa wakiwa usingizini mahali peupe, safi, penye mwanga wa kutosha. Hatuoni mkono wala silaha wala damu. Tunaona skrini zenye mistari ya uhai inayopanda na kushuka, kisha mistari inaanza kunyooka mmoja baada ya mwingine, kisha maandishi yanatangaza kwamba uhai umekoma. Muuaji ni kompyuta ambayo sura yake nzima ni jicho jekundu lisilopepesa. Na kabla ya hapo kuna lile onyesho la wanaanga wawili waliojifungia ndani ya chombo kidogo ili wazungumze bila kusikika. Kupitia dirishani tunaliona lile jicho likiwa limetulia tu. Halafu picha inahamia kwenye midomo yao, bila sauti, ikienda kwa mmoja na kurudi kwa mwingine. Tumekabidhiwa macho ya adui na tumejua anayasoma maneno yao, wakati wenyewe hawajui. Ningeambiwa nichague onyesho moja la kumfundishia mtu taharuki ya picha, ningechagua hilo.

Kutokana na hilo, kiulize kila kipande cha seti yako: mtazamaji anajua nini juu yako ambacho mhandisi hajui? Katika A Quiet Place ya mwaka 2018, familia inaishi kimya kwa sababu viumbe huwinda kwa sauti, na wote wanatembea pekupeku. Mama anavuta mfuko wa nguo kupandisha ngazi, mfuko unanasa, unainua msumari ukabaki umesimama juu ya kidato. Yeye haoni. Sisi tumeona. Kuanzia dakika hiyo ngazi ile si ngazi tena. Tukio lenyewe linapofika linauma, lakini utamu uko kwenye kusubiri, na hata baada ya kukanyagwa msumari unabaki palepale ili tuendelee kusubiri. Msumari mmoja! Familia hiyohiyo ina taa zilizotundikwa nje ambazo huwashwa nyekundu hatari ikija. Nyekundu ina maana kwa sababu siku nyingine haiwaki.

Jurassic Park ya 1993 inapanga vitu kwa namna hiyohiyo, tena kwa subira kubwa. Mchana wageni wanapelekwa kwenye uzio wa yule dinosaria mkubwa, mbuzi anatolewa awe chambo, na dinosaria hatokei. Wote wanakereka kidogo, hata sisi. Usiku umeme umekatika, magari yamekwama mahali palepale. Maji kwenye kikombe yanaanza kutetemeka kwa duara. Fundi wa filamu hiyo alilipata tetemeko hilo kwa waya wa gitaa uliopitishwa chini ya dashibodi. Kisha mtu anauliza mbuzi yuko wapi, na mnyororo wake uko mtupu. Yote haya kabla dinosaria hajaonekana vizuri. Na kwa kuwa umeuliza habari ya muziki: onyesho hilo la shambulio halina muziki kabisa. Wewe nawe pangilia picha kwanza ukiwa umezima sauti yote. Ikishika bila sauti, muziki utaongezea. Isiposhika, muziki utamwambia mtazamaji aogope kitu ambacho yeye hakioni, na watu hawapendi kuamrishwa.

Upande wa fremu nitapita haraka, kwa sababu nadhani jicho lako tayari ni zuri. Ukimweka mhandisi upande mmoja wa fremu pana na kuacha upande wa pili mtupu, mtazamaji ataujaza mwenyewe. Mlango ulio wazi nyuma ya bega lake, ukiwa umefifia kwa sababu lenzi haikuulenga, ni mali. Usiumalize haraka kwa kitu kupita hapo. Mara ya kwanza acha pasitokee kitu, na mara ya pili pia.

Kiumbe sasa. Ulimwonyesha dakika ya pili ili watu wajue hatari ipo, na nia yako naielewa. Ila kujua kwamba hatari ipo na kujua umbo lake ni mambo mawili. La kwanza linaleta hofu, la pili mara nyingi huiondoa, kwa sababu mtazamaji akishamwona kiumbe mzima anaanza kumkagua: ngozi imeshonwaje, anatembeaje, ni kompyuta au ni mtu. Yule wa kwenye Alien alibuniwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger, na kichwa chake hakina macho. Huwezi kujua anatazama wapi, kwa hiyo huwezi kujua kama amekuona. Aliyelivaa vazi lake ni Bolaji Badejo, kijana wa Nigeria aliyekuwa na urefu wa zaidi ya mita 2 na viungo vyembamba, ili watu wasiweze kukisia mara moja kwamba humo ndani kuna binadamu. Na hata baada ya kazi yote hiyo wakamwonyesha kwa vipande vipande.

Lakini kilichonivutia zaidi ni uhusiano wa kiumbe huyo na kuta. Mwili wake umechorwa kama mabomba na mbavu za mashine. Kwenye chombo kidogo cha kukimbilia, karibu na mwisho, amejikunja katikati ya mitambo, yuko mbele ya macho yetu, na tunamdhania ni sehemu ya ukuta mpaka mkono unapochomoka. Ukishachezewa hivyo, kila bomba ni mshukiwa. Hili unaliweza bila pesa, tena kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwa na pesa: kama kiumbe wako ametengenezwa kwa mpira na mabaki ya mabomba yaleyale uliyojengea chumba cha mitambo, huo ni mtaji. Mweke ndani ya chumba, asitikisike, mpige kwenye shoti tatu tofauti za mwanzoni ambamo mhandisi anafanya kazi zake bila wasiwasi. Hakuna atakayemwona. Akitikisika mara ya nne, watazamaji watarudi nyuma kichwani mwao na kugundua alikuwepo muda wote.

Kuhusu ukubwa, kuna hila ya zamani. Scott alipotaka mabaki ya rubani wa kigeni yanayokutwa ndani ya Alien yaonekane makubwa kuliko yalivyojengwa, aliwavalisha watoto mavazi madogo ya wanaanga, wakiwemo watoto wake mwenyewe, akawapiga kwa mbali. Korido yako fupi inaweza kurefuka kwa njia hiyo: mtu mfupi mwishoni mwake akiwa amevaa vazi la mhandisi, au mlango wa pili uliopunguzwa kipimo.

Tahadhari moja hapa. Kuficha nako kuna gharama. Filamu inayoficha hadi mwisho na isitoe chochote humwacha mtazamaji akihisi ametapeliwa. Arrival ya Denis Villeneuve, ya 2016, huchelewesha sana. Habari za vyombo vya kigeni zinapotangazwa darasani, kwanza tunaziona nyuso za wanaotazama televisheni, si televisheni yenyewe. Kisha inatupa chombo kizima, mchana, juu ya bonde lenye ukungu, na picha inatosha. Wewe una dakika 12. Ningemwonyesha kiumbe wazi kwa mara ya kwanza kuanzia dakika ya tisa, tena kwa sekunde chache.

Jambo la kiufundi kuhusu nyekundu, maana nadhani limekuumiza bila kujua. Vitambuzi vya kamera nyingi za kidijitali vimegawanywa hivi: nusu ya vitone vyake hupokea kijani, robo bluu, robo nyekundu. Ukimwangazia mtu kwa nyekundu tupu unatumia robo tu ya uwezo wa kamera yako, na sura hutoka na ukungu kama ambayo lenzi haikuilenga, huku mahali penye mwanga mkali paking'aa kupita kiasi bila umbo. Kama utapiga upya chochote, ongeza taa ndogo nyeupe au ya bluu hafifu kutoka ubavuni ili shavu na ukingo wa mlango vipate umbo. Nyekundu ibaki kama rangi ya chumba, isiwe mwanga pekee.

Basi ufanye nini na pesa kidogo? Ungeniuliza mimi, ningeanza na uhariri kabla ya kugusa kamera. Mwondoe kiumbe kwenye dakika ya pili, na tazama kama una vipande vya mhandisi akifanya kazi za kawaida, hata vile ulivyovitupa. Kwenye programu ya kuhariri, zigeuze shoti za mwanzo zisiwe nyekundu kadiri picha inavyoruhusu, ingawa nakuonya kwamba picha iliyopigwa kwa nyekundu tupu haigeuki vizuri, kwa sababu rangi nyingine hazikuingia kwenye kamera. Pengine utalazimika kupiga siku moja zaidi kama seti bado imesimama: korido ikiwa na taa za kawaida, mlango mzito ukifunguka na kufungwa vizuri mara mbili ili siku ukigoma tujue umegoma, na skrini moja yenye ramani ya kituo na nukta moja ambayo ni yeye. Nukta ya pili ikitokea kwenye ramani hiyo huhitaji kiumbe kabisa kwa dakika tatu nzima. Alien walifanya hivyo nahodha alipoingia kwenye njia za hewa, na inatisha mpaka leo.

Kama seti umeshaibomoa, mambo ni magumu zaidi, sitakuficha. Picha za karibu za skrini, swichi, mkono na bawaba zinaweza kupigwa popote, ila korido salama huwezi kuibuni. Hapo bora uanze filamu kwa sauti na skrini, kisha nyekundu iwake dakika ya pili au ya tatu. Kiumbe bora wa kompyuta nisingemlipia hata kama pesa ingekuwepo. Na kama mtazamaji hamjali mhandisi, hakuna taa wala mlango utakaokuokoa. Hilo ni la mwandishi, nami sijaisoma hati yako.

Mambo mawili yanahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. La kwanza ni watazamaji wasiokujua, kama watano hivi. Kaa pembeni uwatazame wao, usitazame skrini. Andika dakika ambayo mtu anajiweka sawa kitini, anayotazama kando, anayoshika simu. Usiwaulize kama waliogopa. Waulize mlango uko upande gani wa korido. Wakishindwa kujibu, jiografia haijaeleweka, na hapo mtafute mhariri mzoefu akae nawe saa chache.

La pili ni la afya, na sitaki ulichukulie juujuu. Taa zinazomweka, yaani kuwaka na kuzima, kwa kasi, hasa nyekundu iliyokolea, zinaweza kumletea kifafa mtu mwenye ubongo unaoathiriwa na mwanga, hata kama hajawahi kujua kwamba ana tatizo hilo. Desemba 1997 nchini Japani kipindi kimoja cha katuni chenye mweko wa nyekundu na bluu kiliwapeleka hospitalini mamia ya watoto. Kanuni inayotumika sana ni kutozidisha mimweko mitatu ndani ya sekunde moja. Hesabu yako ni ngapi? Pitia fremu kwa fremu. Ikizidi, punguza kasi au fanya taa ziwake na kufifia polepole, jambo ambalo kwa macho yangu hata linatisha zaidi. Kabla ya kuonyesha hadharani, mpelekee mhandisi wa video mwenye kifaa au programu ya kupima mimweko, na weka onyo mwanzoni mwa filamu. Mtu yeyote akipata kizunguzungu au kutikisika mwili wakati wa majaribio yako, zima mara moja, na aende kwa daktari hata kama baada ya dakika chache anasema yuko sawa.